Datsun 240Z na Volti Zinazopotea Njiani

Datsun 240Z ni miongoni mwa magari machache ya spoti ambayo Afrika Mashariki inaweza kuyaita yake bila kuona haya. Liliingia sokoni mwishoni mwa 1969, likijulikana kwao Japani kama Fairlady Z, na muda si mrefu Edgar Herrmann na Hans Schüller wakashinda nalo mbio za magari za East African Safari za 1971. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akarudia ushindi huo akiwa na Lofty Drews. Magari hayo sasa yamepita nusu karne, na anayewasha taa za mojawapo usiku, kwenye barabara isiyo na nguzo za umeme, hushangaa: injini ya silinda sita bado ina mbio, lakini mbele kunamulikwa na kitu kama kibatari. Wengi hukimbilia dukani kutafuta globu kali zaidi. Fedha hiyo mara nyingi hupotea bure, kwa sababu sehemu kubwa ya mwanga unaokosekana imepotea kabla umeme haujaifikia globu, na globu kali ikifungwa kwenye njia hiyohiyo hupoteza zaidi.

Ukitaka kuona sababu, ufuate umeme tangu unapotoka. Katika 240Z, kama ilivyotoka kiwandani, taa kubwa hazina rilei, yaani swichi ya umeme inayoamrishwa na mkondo mdogo ili ipitishe mkubwa. Mkondo wote unaoziwasha hutoka upande wa betri, huingia ndani ya gari hadi kwenye swichi iliyofungwa kwenye nguzo ya usukani, hupita kisanduku cha fyuzi ambako kila taa ina fyuzi yake, kisha hutoka tena kwenda mbele. Na si hivyo tu. Magari mengi huipa taa ethi palepale mbele, kwenye bodi. 240Z haifanyi hivyo: waya wa kurudi huingia ndani ya gari kwa mara ya pili, hadi kwenye swichi ya kubadilisha fulu na dimu, na hapo ndipo hukutana na ethi. Kwa hiyo ili globu iliyo mbele kabisa iwake, umeme hupita chini ya usukani mara mbili, ukivuka soketi, vibano vya fyuzi na midomo ya swichi njia nzima. Gari likiwa jipya, mpangilio huo ulitosha. Miaka hamsini ya joto, vumbi na unyevu imeyafanya madini ya viungo kushika ukoko, na vibano vya fyuzi kulegea.

Hasara yenyewe inaweza kuhesabiwa. Tuseme ukinzani wa viungo vyote hivyo, ukijumlishwa, ni omu 0.16 tu, kiasi ambacho multimita ya kawaida haikioni vizuri ukikipima moja kwa moja. Globu mbili za halojeni za aina ya H4, zenye wati 55 kila moja kwenye dimu, huvuta ampea 9 hivi. Zidisha, na volti 1.4 zimebaki njiani. Mtu atasema volti moja na ushei si kitu. Kwa redio, sawa. Lakini mwanga wa globu ya uzi haushuki sambamba na volti. Hushuka kwa kasi zaidi, kama volti zilizoinuliwa kwa kipeo cha 3.4 hivi. Globu ya H4 inayotoa lumeni 1,000 kwenye dimu ikipata volti 13.2 hutoa lumeni 680 hivi ikipata 11.8. Theluthi nzima imekwenda. Zikipotea volti mbili na nusu, jambo lisilo geni kwenye gari lisiloguswa waya tangu lilipoundwa, hubaki chini ya nusu. Na nguvu iliyopotea haikuyeyuka hewani: katika mfano wetu ni wati 13 za joto, na zikikusanyika kwenye kiungo kimoja kibovu zinatosha kuyeyusha plastiki inayokizunguka. Ndiyo maana visanduku vya fyuzi vya magari haya, hasa upande wa taa ndogo, mara nyingi huwa na alama za kuungua.

Hapo ndipo ubaya wa kuanzia kwenye globu unapojitokeza. Taa nyingi za 240Z zilizouzwa Marekani zilikuwa za kipande kimoja kilichozibwa, zenye wati 50 kwa fulu na 40 kwa dimu. Mbili za dimu zilivuta ampea zisizofika 7. Ukizing'oa na kufunga H4, mkondo unapanda kwa zaidi ya theluthi, na volti zinazopotea zinapanda kwa kiwango hichohicho. Mwenye gari huona mwanga umeongezeka kidogo, akadhani H4 imetiwa chumvi. Mwingine huenda mbali zaidi, akatafuta globu za wati 100 kwa 90 zinazosifiwa madukani. Hizo kwenye dimu zinavuta ampea 15 kupitia swichi ambayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Siku swichi itakapokata umeme wakati gari liko mwendo wa kilomita 90 kwa saa gizani, wati hizo zote hazitamsaidia kitu.

Kupima ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani, ila kuna mtego mmoja unaowanasa hata mafundi wazoefu. Fundi huchomoa soketi ya globu, hutia ncha za multimita, huona volti 12.6, na hutangaza kwamba waya ni mzima. Kipimo hicho hakisemi lolote. Soketi ikiwa wazi hakuna mkondo unaopita, na pasipo mkondo ukinzani haupotezi volti yoyote. Waya uliobaki na unyuzi mmoja wa shaba nao utaonyesha 12.6. Lazima taa iwe inawaka na globu iwe mahali pake. Ncha nyekundu ya multimita hushikizwa kwenye chanya ya betri, na ile nyeusi hupenyezwa nyuma ya soketi hadi iguse mguu wa globu unaoleta umeme. Tarakimu inayoonekana ndiyo volti zilizopotea kwenda. Kisha hupimwa upande wa kurudi: ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye mguu wa dimu. Jumla isipozidi nusu volti, njia ni nzuri. Ikipita volti moja, endelea kupima kipande kwa kipande, kuingia na kutoka kwenye swichi, huku na huku ya fyuzi, hadi upate mahali tarakimu inaporuka. Mara nyingi hupatikana sehemu mbili au tatu, si moja.

Dalili nazo husema, kwa anayejua kuzisikiliza. Taa zote mbili zikififia sawasawa, tatizo liko kwenye njia yao ya pamoja. Zikififia gari likisimama na kung'aa ukikanyaga mafuta, tazama oltaneta, mkanda wake na regyuleta. Taa za nyuma zikipepesa pamoja na indiketa, ethi ya upande huo imekatika, na umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia globu ya jirani. Dalili inayotatiza zaidi kwenye 240Z ni taa moja kuwaka hafifu kwa nyuzi zake zote mbili, fulu na dimu, huku mwenzake akiwaka vizuri. Wengi hudhani globu imekufa, wakaibadilisha, na mpya ikafanya vilevile. Kumbe fyuzi ya upande huo ndiyo iliyokatika. Kwa kuwa nyaya za fulu za taa zote mbili zimeungana, umeme wa taa yenye fyuzi nzima hupita uzi wake wa fulu, huvuka hadi taa ya pili, hupita uzi wa fulu wa huko, kisha uzi wa dimu, na ndipo hufika kwenye ethi. Nyuzi tatu zinagawana volti za moja. Fyuzi ya bei ya soda ingemaliza habari.

Viungo vikishasafishwa na vibano kukazwa, marekebisho yanayofaa zaidi ni rilei mbili, moja ya fulu na moja ya dimu. Waya mnene, wa milimita 2.5 za mraba au zaidi, hutoka betri moja kwa moja kwenye fyuzi yake, hupita rilei, hufika kwenye globu. Ethi hufungwa palepale mbele kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi. Swichi ya zamani hubaki na kazi ya kuiamrisha rilei tu, kazi isiyofika nusu ampea. Tahadhari ni moja. Seti nyingi za rilei zinazouzwa zimetengenezewa magari yanayokatia umeme upande wa chanya, na koili zake zimefungwa ethi tayari. Kwenye 240Z zitagoma, kwa sababu hapa chanya ipo muda wote taa zinapowashwa, na kinachobadilishwa ni ethi. Koili zipewe chanya ya pamoja, na kila moja irudi kwa waya wake, wa fulu au wa dimu.

Wapenzi wa magari ya kale watapinga kwamba huko ni kuharibu uasilia. Ni pingamizi la haki, kwani bei ya gari la namna hii inategemea sana namna lilivyohifadhiwa. Lakini seti ya rilei inaweza kuchomekwa kwenye soketi za asili bila kukata waya hata mmoja, na siku ya maonyesho ikachomolewa. Kisanduku cha fyuzi kilichoyeyuka hakirudi. Wengine husema gari hili lilishinda Safari likiwa na waya zake hizohizo. Picha za magari ya timu zinaonyesha taa za ziada zilizofungwa juu ya bampa na hata kwenye mabawa, kwa hiyo si kweli kwamba madereva wale walitegemea jozi ya kiwandani peke yake. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba globu inayopata volti kamili huungua mapema kuliko iliyonyimwa. Ni kweli, na hiyo ni gharama ya kukubaliwa. Ila kabla ya kufunga rilei, hakikisha regyuleta haipitishi volti 14.5, maana kwenye gari la umri huu inaweza kupotoka, na upungufu wa waya ulikuwa ukiificha.

LED zinaonekana kuwa jibu la kila kitu: mkondo mdogo, joto dogo kwenye swichi, mwanga mweupe. Kwa taa za nyuma na za dashibodi nazikubali, mradi nyuma ya kioo chekundu kuwekwe LED nyekundu, na fleshi ya indiketa ibadilishwe, kwa kuwa ile ya asili hufanya kazi kwa joto la mkondo na ikikosa mkondo wa kutosha indiketa huganda bila kupepesa. Kwa taa kubwa mambo ni tofauti. Kiakisi na kioo cha H4 vimechorwa kwa uzi mwembamba uliokaa mahali mahsusi. Chipu za LED zina umbo jingine na unene mwingine, na nyingi humwaga mwanga mahali pasipotakiwa. Dereva huona ung'avu mita kumi mbele ya bampa akafurahi; anayekuja upande wa pili hupofuka. Kuna pia usumbufu wa 240Z yenyewe: LED iliyotengenezwa kwa ethi ya pamoja inaweza isiwake kabisa kwenye mfumo unaokatia upande wa ethi.

Linabaki suala la mwelekeo. 240Z nyingi zilizosalia ziliuzwa Marekani, na taa zake zimeundwa kwa barabara ya kuendeshea kulia. Likiletwa Kenya au Tanzania, dimu yake humulika upande wa anayekuja. Kulegeza skrubu hakutibu hilo, kwa kuwa mgawanyo wa mwanga umo kwenye kioo chenyewe. Hununuliwa taa za H4 za nchi za kushoto, ambazo kingo ya mwanga hupanda upande wa njia ya miguu. Kisha gari huegeshwa kwenye ardhi tambarare, magurudumu yakiwa na upepo sahihi na dereva kitini, mita 10 kutoka ukutani. Kingo ya dimu hushushwa hadi iwe sentimita 10 chini ya kimo cha katikati ya taa.