Unataka kulala msituni? Fahamu kibali, ada na mipaka ya ruhusa yako

Watu wengi wanaoishi kando ya msitu wa hifadhi waliukuta hapo tangu wazaliwe. Ndiyo maana ni rahisi kudhani kwamba kupanda mlima siku ya mapumziko, kutembeza wageni au kulala huko usiku mmoja na wenzako hakuhitaji ruhusa ya mtu. Sheria inasema vingine. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 inataja kuingia katika msitu wa hifadhi kwa utalii au kupiga kambi miongoni mwa shughuli zinazohitaji kibali, sawa na kukata mbao au kuchunga mifugo.

Maana yake si kwamba msitu umefungwa. Ni kwamba mlango wake una utaratibu, na anayeufahamu hakamatwi wala hatapeliwi.

Kwanza, ujue msitu ni wa nani

Sheria hiyo inagawa misitu katika makundi manne: ya taifa, ya serikali za mitaa, ya vijiji na ya watu binafsi. Misitu ya hifadhi ya taifa inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Hifadhi za Taifa kama Kilimanjaro na Milima ya Udzungwa ziko chini ya TANAPA, zenye sheria na ada zake. Kibali cha huku hakifanyi kazi kule, hata kama mipaka inapakana.

Ndani ya misitu ya TFS zipo hifadhi za mazingira asilia, ambazo ulinzi wake ni mkali zaidi. Ya kwanza ilikuwa Amani, mkoani Tanga, iliyotangazwa mwaka 1997. Nyingine ni Magamba kule Lushoto, Chome wilayani Same, Uluguru mkoani Morogoro, Rungwe mkoani Mbeya, Minziro mkoani Kagera, na Pugu-Kazimzumbwi jirani na Dar es Salaam.

Kuna nini cha kufanya huko?

Si lazima ulale. Unaweza kwenda asubuhi ukarudi jioni: kutembea kwa miguu, kuangalia ndege na vipepeo, kupanda vilele au kupumzika na familia. Chome ina kilele cha Shengena, kirefu kuliko vyote katika Milima ya Upare, chenye urefu wa takriban mita 2,460. Rungwe ni makazi ya kipunji, nyani aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 2003 na ambaye hapatikani nje ya Tanzania. Amani ina bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902.

Anayetaka kulala hupiga hema katika eneo lililotengwa na mhifadhi. Huchagui mwenyewe chini ya mti wowote unaokupendeza.

Ada ni za aina gani?

Wengi hugombana na walinzi langoni kwa sababu wanafikiri ada ni moja. Kiingilio ni ada yake. Kupiga kambi ni ada nyingine. Mwongoza watalii, gari na kupiga picha za biashara navyo huhesabiwa peke yake. Raia wa Tanzania hulipa kiasi kidogo kuliko mgeni kutoka nje, kwa hiyo beba kitambulisho chako cha taifa.

Viwango huwekwa kwa kanuni za serikali na hubadilishwa mara kwa mara. Usitegemee bei uliyoambiwa na jirani aliyekwenda miaka mitatu iliyopita. Piga simu au fika ofisi ya TFS ya wilaya kabla ya safari, utaje idadi ya watu, siku mtakazokaa na mnachotaka kufanya.

Usimpe mtu fedha mkononi

Malipo ya serikali hufanyika kwa namba ya malipo, ile ambayo wengi tunaiita kontro namba. Ofisi inakupa namba, wewe unalipa kwa simu, kwa wakala au benki. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina la anayelipwa linalojitokeza. Likiwa jina la mtu binafsi, simama hapo hapo.

Ukishalipa, hifadhi ujumbe wa simu na udai stakabadhi. Mlinzi akikukuta msituni, hiyo ndiyo itakayokutetea. Fedha uliyompa mtu njiani haina shahidi.

Kibali kina mipaka

Kibali cha kupiga kambi hakikuruhusu kukata kuni, kung'oa mche wa dawa, kutega mnyama wala kuchukua asali. Kila shughuli ina kibali chake. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na taka zako unarudi nazo. Usifulie wala kuoga kwa sabuni mtoni: maji ya Uluguru hushuka hadi Mto Ruvu, unaotegemewa na wakazi wa Dar es Salaam.

Hatari kubwa kuliko zote ni moto. Oktoba 2020 moto uliteketeza eneo kubwa la Mlima Kilimanjaro, na taarifa za awali za TANAPA zilisema ulianza pale wapagazi walipokuwa wakipasha chakula. Washa moto pale tu unaporuhusiwa. Uzime kwa maji, ugeuze majivu, kisha uyaguse kuona kama yamepoa. Ukiona moto umetoroka, mpigie mhifadhi au Zimamoto kwa namba 114.

Na kijiji kinapata nini?

Kijiji chenye msitu katika ardhi yake kinaweza kuutangaza kuwa hifadhi ya kijiji. Vijiji vya Duru-Haitemba, Babati, vilifanya hivyo katikati ya miaka ya 1990. Kinachotakiwa ni mpango wa usimamizi, sheria ndogo zilizopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya, na kamati ya maliasili inayofanya kazi.

Sheria ndogo hizo zinaweza kuweka masharti ya wageni: walale wapi, walipe nini, waongozwe na nani. Fedha hiyo ni ya kijiji. Mwananchi ana haki ya kusimama katika mkutano mkuu na kuuliza ni wageni wangapi waliokuja, walilipa kiasi gani, na stakabadhi ziko wapi.