Baiskeli ya kukunja kutoka fremu ya zamani: mambo ya kujua kabla ya kukata



Kando ya ziwa Tanganyika, kutoka uwanda wa Ruzizi mpaka Baraka, baiskeli ni msaada mkubwa kwa familia. Wengine wanaiita kinga, wengine velo. Inabeba mihogo, bidoni za maji, samaki na hata mgonjwa. Siku ya kukimbia inabeba godoro na sufuria. Lakini mara nyingi baiskeli ndiyo inayoachwa njiani, kwa sababu ndani ya boti nafasi ni ndogo na juu ya lori mzigo mkubwa unalipiwa.

Watu wa Uvira na Fizi wamepitia hayo mara nyingi. Mwaka 1996 wengi walivuka ziwa kwenda Kigoma, Tanzania. Mwaka 2005 safari za kurudi kwa hiari zilianza, kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira ukabomoa nyumba nyingi. Mwezi wa Desemba 2025, vita vilipofika Uvira, maelfu ya watu walivuka mpaka kwenda Burundi. Kila mara familia zilichagua cha kubeba na cha kuacha.

Kwa hiyo swali hili ni la maana: je, tunaweza kuchukua fremu ya zamani na kutengeneza baiskeli inayokunjwa, ili iingie ndani ya boti au ndani ya gari bila kuchukua nafasi kubwa? Jibu ni ndiyo. Lakini baiskeli iliyokatwa katikati inahitaji uhakika wa aina mbili: uhakika kwamba kiungo chake hakitavunjika, na uhakika kwamba fremu yake si mali ya mtu mwingine. Ukikosa wa kwanza, mtu anaumia. Ukikosa wa pili, jirani wanagombana. Katika makala hii tunaeleza yote mawili.

Wazo hili limetoka wapi?

Baiskeli za kukunja si jambo jipya. Mwishoni mwa karne ya 19 jeshi la Ufaransa lilijaribu baiskeli ambazo askari aliweza kuzikunja na kuzibeba mgongoni. Katika Vita Kuu ya Pili, kampuni ya BSA ya Uingereza ilitengeneza baiskeli za kukunja kwa askari wa miavuli. Zilikuwa na bawaba mbili katikati ya fremu, na nati zenye masikio ambazo mtu alizifunga kwa vidole. Baadaye, katika miaka ya 1970, Andrew Ritchie wa London alianza kutengeneza baiskeli ndogo iitwayo Brompton, ambayo watu wa mjini wanaingia nayo katika treni. Kitu kilichotumiwa na askari kimekuwa msaada kwa raia.

Kwanza uliza: fremu hii ni ya nani?

Baada ya kila vita, baiskeli nyingi zinauzwa kwa bei ya chini. Nyingine zinauzwa na wenyewe kwa sababu ya njaa. Nyingine ziliokotwa katika nyumba zilizoachwa wazi, au zilinyang'anywa barabarani.

Tuchukue mfano. Baba mmoja amekimbia kutoka Sange na kupokelewa Uvira. Siku moja anaona sokoni baiskeli yake mwenyewe. Anaitambua kwa alama ya kuchomelea kwenye karia. Kijana aliye nayo ameinunua kwa pesa zake na hajui habari yoyote. Kama baiskeli bado ni nzima na namba yake inasomeka, jambo hilo linaweza kuzungumzwa mbele ya wazee. Lakini kama imekwisha kukatwa, kupakwa rangi mpya na kufutwa namba, baba hana tena la kuonyesha, na kijana ataonekana mwizi hata kama si mwizi. Kama wawili hao ni wa makabila tofauti, ugomvi wa fremu moja unaweza kuwa ugomvi wa mtaa mzima.

Kwa sababu hiyo tunashauri:

- Nunua mchana, mbele ya mashahidi wawili, mmoja awe mwenyeji na mwingine mkimbizi wa ndani.
- Tafuta namba ya fremu. Mara nyingi imegongwa chini ya ekseli ya pedali au kwenye bomba la kiti. Iandike. Usiifute kamwe, na usikate mahali ilipo.
- Andika karatasi ya mauzo yenye jina la muuzaji, namba, rangi na alama za baiskeli, tarehe na bei. Muuzaji, mnunuzi na mashahidi watie sahihi au kidole. Mwonyeshe chifu wa mtaa au nyumba kumi.
- Ngoja majuma mawili kabla ya kukata. Waambie watu sokoni, kanisani na msikitini kwamba umenunua baiskeli ya namna hii. Mwenye neno alilete kabla ya msumeno.

Fremu nzima inaweza kurudishwa kwa mwenyewe. Fremu iliyokatwa hairudishwi.

Je, ni lazima kukata?

Si lazima kila mara. Ukiondoa magurudumu mawili, ukitoa pedali, ukishusha kiti na kulaza usukani pembeni ya fremu, baiskeli ya kawaida inapungua sana na inafungwa kama mzigo mmoja. Unahitaji spana mbili na dakika chache. Kama unasafiri kwa boti mara moja moja tu, njia hii inatosha.

Kama familia ina baiskeli moja tu, na inabebea magunia ya mihogo au makaa, tunasema wazi: msiikate. Baiskeli ya kukunja haiwezi tena kubeba gunia zito. Inamfaa mtu anayesafiri mara nyingi na mzigo mdogo, kwa mfano mwalimu, muuguzi, au mjumbe wa kamati ya amani anayepanda boti Kalundu asubuhi na kuendelea kwa baiskeli anaposhuka.

Kuchagua fremu

1. Tumia sumaku. Ikinata, fremu ni ya chuma na fundi anaweza kuifanyia kazi. Isiponata, huenda ni ya aluminiumu. Usiikate, kwa sababu mashine za kawaida za kuchomelea hazitaiunga vizuri.

2. Tazama nyufa. Safisha kwa kitambaa sehemu ya shingo, chini ya usukani, na sehemu ya ekseli ya pedali. Rangi iliyovimba au mstari mwembamba wa kutu ni dalili mbaya.

3. Pima kwa uzi. Funga uzi nyuma, mahali ekseli ya gurudumu inapokaa. Uvute mpaka shingo ya fremu, uuzungushe, uurudishe nyuma upande wa pili. Pima umbali kutoka uzi hadi bomba la kiti, kulia na kushoto. Kama vipimo havilingani, fremu imepinda.

4. Angalia ukubwa wa magurudumu. Baiskeli kubwa za inchi 28 zinakunjika, lakini zinabaki kubwa. Ukipata fremu iliyotengenezwa kwa magurudumu ya inchi 20, mzigo utakuwa mdogo zaidi.

Kazi ya fundi, hatua kwa hatua

Kazi hii ifanywe na fundi mwenye uzoefu wa kuchomelea, au kusude kama tunavyosema mjini. Si kazi ya kujifunzia.

*Kufunga fremu.* Kabla ya kukata, fremu ifungwe kwa nguvu kwenye chuma kilichonyooka au ubao mnene. Hiyo inazuia pande mbili zisihame wakati wa moto.

*Kuweka alama.* Fremu ya kawaida ina bomba la juu na bomba la chini, na yote mawili yatakatwa. Kila bomba litapata bawaba yake. Misumari ya bawaba hizo mbili lazima ikae katika mstari mmoja ulionyooka, kama bawaba za mlango. Isipokuwa hivyo, fremu haitakunjika, au itajivunja yenyewe. Bawaba zikae upande wa kushoto, ili gurudumu la mbele lilale mbali na mnyororo. Bolti za kufungia zikae upande wa kulia.

*Kutengeneza bawaba.* Bawaba za mlango hazifai hata kidogo. Fundi akate vipande vya chuma vya unene wa milimita 5 au 6. Atumie bolti ngumu za milimita 10 zenye alama 8.8 kichwani, na nati zisizolegea kwa mtikisiko.

*Kukata na kuunga.* Kata kwa msumeno wa chuma, polepole. Ndani ya kila ncha ingiza kipande cha bomba kinachobana, cha urefu wa sentimita 8 hivi, ili kuongeza nguvu. Bomba la baiskeli ni jembamba, na umeme mwingi unalitoboa. Kulehemu kwa gesi na shaba ni bora zaidi, kwa sababu fremu nyingi za zamani ziliungwa hivyo kiwandani. Kama kuna umeme tu, fundi atumie fito nyembamba na moto mdogo. Kwanza aondoe rangi na kromu yote, na afanye kazi mahali penye hewa, maana moshi wake ni sumu.

*Breki.* Hapa wengi wanakosea. Baiskeli kubwa za zamani zina breki za vyuma virefu, na chuma cha breki ya nyuma kinapita kwenye bomba la chini, mahali penyewe pa kukata. Breki ya mbele inaweza kubaki, kwa kuwa usukani na gurudumu la mbele viko upande mmoja wa bawaba. Kwa nyuma, weka gurudumu lenye breki ya kurudisha pedali nyuma. Breki hiyo haihitaji waya wala chuma cha kupita kwenye kiungo. Usipande baiskeli isiyo na breki ya nyuma, hasa katika miteremko.

Kupima kabla ya kuamini

Mtu akikaa kwenye baiskeli, uzito wake unalivuta bomba la chini na kulisukuma bomba la juu. Akifunga breki ya mbele kwa nguvu, mambo yanageuka. Kwa hiyo viungo vyote viwili vinafanya kazi kila wakati, na cha chini kinabeba hatari kubwa zaidi. Kikiachia, mpandaji anaanguka.

- Siku ya kwanza, weka kwenye kiti gunia la mchanga lenye uzito wa mtu mzima, uliache usiku mzima. Asubuhi pima tena kwa uzi.
- Paka rangi nyeupe kwenye viungo. Ufa ukianza, utaonekana mapema kama mstari wa kutu.
- Panda mahali tambarare, bila mzigo. Kagua baada ya siku moja, baada ya juma moja, kisha kila mwezi.
- Kaza bolti kila mara kabla ya kupanda.
- Usibebe mtoto wala abiria. Mzigo wa nyuma uwe mdogo, kama mkoba wa nguo au wa dawa.

Ukiona ufa, acha kuipanda siku hiyo hiyo. Usichomelee juu ya ufa na kuendelea na safari.

Ndani ya boti

Kunja baiskeli nchi kavu, si ndani ya mtumbwi. Funga pande mbili kwa kamba ya mpira, na ufunike mnyororo kwa gunia ili usichafue mizigo ya wenzako. Ilaze chini, katikati ya boti, kamwe isiwe ukingoni. Kama boti imejaa kupita kiasi, ngoja nyingine. Baiskeli inaweza kununuliwa tena.

Neno kwa viongozi

Machifu, wachungaji, maimamu na wawakilishi wa wakimbizi wanaweza kusaidia kwa mambo matatu. La kwanza, kuwa na daftari moja la baiskeli katika kila mtaa, ambamo namba na majina ya wenyewe yanaandikwa. Mtu akikimbia, anakili namba yake kwenye karatasi na kuiweka pamoja na kadi yake ya uchaguzi. La pili, kuketi mapema na watu wawili wanaodai baiskeli moja, kabla vijana hawajaitana. La tatu, kuwahimiza mafundi wa mjini wapokee wanafunzi wa pande zote, wenyeji na waliokimbia. Vijana wanaoshika fremu moja, mmoja upande huu na mwingine upande ule, wakati fundi anachomelea, wanajifunza kazi na wanajifunza kujuana.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mtaa wetu, mtu akiona mali yake mikononi mwa mwingine, anaenda kwa nani kwanza? Je, pande zote zinamwamini mtu huyo?
2. Aliyenunua kwa moyo safi na aliyenyang'anywa wote wamepata hasara. Tunaweza kugawanaje hasara hiyo bila kumwonea yeyote?
3. Nani kati yetu anahitaji kweli baiskeli ya kukunja, na nani anahitaji zaidi baiskeli nzima yenye nguvu?
4. Ni mafundi gani tunaowaamini, na tunawezaje kuwaomba wafundishe vijana wetu?

Tunawatakia safari njema, na amani katika nyumba zenu, popote mlipo leo.