Je, Wajua? "Iyo ela itume kwa namba hii"

Hakuna salamu, hakuna jina, hata kiasi hakitajwi. Asiyedaiwa na mtu akiupata ujumbe huo pale Kijenge, Arusha, hucheka na kumwonyesha jirani. Jirani naye anatoa simu yake: anao uleule, herufi kwa herufi, na "ela" yake bila h.

Je, wajua kwamba mtego uko kwenye ufupi huohuo? Tapeli hakujui. Anamwaga ujumbe kwa namba nyingi akijua mwisho wa mwezi lazima yupo anayesubiri namba ya mwenye nyumba, ya fundi, au ya mweka hazina wa kamati ya harusi. Huyo hacheki. Anatuma, na kodi ya miezi mitatu imekwenda.

Je, wajua kwamba mbinu hii ina umri mkubwa kuliko simu? Vidocq, mhalifu wa Ufaransa aliyegeuka mpelelezi, alieleza katika kumbukumbu zake zilizoanza kutoka 1828 jinsi wafungwa walivyowaandikia matajiri wakijifanya watumishi wa bwana mkubwa aliyetupa kasha la vito majini akikimbia mapinduzi. Aliyeipokea barua aliombwa fedha kidogo tu ili kasha likatafutwe.

Je, wajua kuhusu mwanaanga wa Nigeria? Barua pepe moja iliyozunguka dunia ilidai kwamba aliachwa tangu 1990 katika kituo cha Kisovieti cha Salyut 8T, na mishahara yake imelimbikizwa hadi dola milioni 15. Ndugu yake, aliyeomba msaada wa kumrudisha, hakusahau kueleza kwamba jamaa ni mchangamfu huko aliko, ila anataka kurudi nyumbani. Kituo cha mwisho cha Salyut kilikuwa cha 7, kilichorushwa 1982. Cha 8 hakijawahi kuruka.

Je, wajua kwa nini matapeli huandika upuuzi wa wazi hivyo? Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft, alilijibu swali hilo mwaka 2012: upuuzi ni chekecheo. Mwenye shaka anacheka na kufuta, hivyo tapeli hapotezi muda naye. Anayejibu ndiye anayetafutwa.

Je, wajua kwamba "Freemason" wanaokuahidi utajiri kwa SMS ukilipa ada ya fomu si Freemason? Freemason wa kweli hawajifichi nyuma ya SMS: Sir Andy Chande, aliyewaongoza Afrika Mashariki na kufariki 2017, hakuficha uanachama wake.

Je, wajua kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015? Ujumbe wa kitapeli usiufute kabla ya kuripoti namba iliyoutuma kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Kisha piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtandao husika ikafungwe leo hii, maana yawezekana "iyo ela" inaombwa kwa jina lako.