Mng'aro wa Rangi ya Gari na Mashine Ifaayo Nyumbani

Tunduma ni mji wa magari. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia huvukia mpaka hapo, na ng'ambo ya pili ni Nakonde. Licha ya malori ya shaba na mafuta, hupita pia magari madogo yaliyokwisha kutumika Japani, yakashushwa bandarini Dar es Salaam na kuendeshwa hadi mpakani; wenyeji huyaita magari ya IT. Magari ya namna hiyo hiyo ndiyo yanayomilikiwa na walimu, wafanyabiashara na wakulima wa kahawa wa Vwawa, Mlowo na sehemu nyingine za Mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mara nyingi gari la aina hii huwa limekwisha kukaa juani miaka kumi au zaidi. Mwenye gari aonapo boneti imefifia, hutamani kuirudishia mng'aro mwenyewe, nyumbani kwake, kwa mashine ya umeme. Dukani huonyeshwa mashine za namna kadhaa, na muuzaji humsifia wati zilizoandikwa ubavuni. Lakini wati si swali la kwanza. Swali la kwanza ni unene wa rangi, na la pili ni joto.

Rangi ya gari la kisasa si utando mmoja. Juu ya bati kuna praima, juu ya praima kuna rangi yenyewe, na juu kabisa kuna utando unaopenya mwanga ambao mafundi huuita klia. Tando hizi zote kwa pamoja, kama zilivyotoka kiwandani, huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Klia peke yake ni kama mikroni 35 hadi 50, yaani ni nyembamba kuliko unywele wa kichwa, ambao kwa kawaida hufikia mikroni 70. Katika utando huo mwembamba ndimo mlimo na kemikali zinazofyonza mionzi ya jua ya urujuanimno, ili isivunje minyororo ya polima iliyo chini yake. Wakazi wa Tunduma hawana budi kulijali jambo hili kuliko watu wa pwani, kwa kuwa mji wao uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 za kupanda, mionzi hiyo huongezeka kwa kiasi cha asilimia 10.

Sasa, kung'arisha ni kufanya nini hasa? Swali hili limewashughulisha wanasayansi kwa muda mrefu. Newton, katika kitabu chake juu ya mwanga kilichotolewa mwaka 1704, alieleza kuwa ung'arishaji wa kioo ni ukwaruzaji tu, ila mikwaruzo huwa midogo mno hata jicho lisiione. Mwanzoni mwa karne ya 20, Beilby wa Uskoti alipinga: yeye aliona kuwa uso wa kitu king'arishwacho hutiririka na kujaza mabonde yake, kama samli ipakwavyo juu ya chapati. Mwaka 1937 Bowden na Hughes wa Cambridge walionyesha kuwa joto la msuguano lina sehemu kubwa katika kazi hiyo. Katika miaka ya 1950 Samuels wa Australia aliwarudisha watu karibu na Newton: alionyesha kuwa chembe za polishi hukata metali kama patasi ndogo ndogo. Wasomaji wa Mbozi wana mfano wa karibu wa faida ya ufundi huu. Kipande cha kimondo cha chuma na nikeli, kama kile cha Mbozi, kikisagwa, kikang'arishwa na kisha kupakwa asidi, fuwele zake huonekana zimepishana kama ukili.

Kwa rangi ya gari, mafunzo ya kushika ni mawili. Kwanza, mng'aro haupakwi, bali hupatikana kwa kuondoa. Kila upigaji polishi huchukua sehemu ya klia, pengine mikroni moja, pengine tatu, kufuatana na ukali wa polishi na ugumu wa rangi. Tuseme klia ina mikroni 40, na kila mara huondolewa 2. Baada ya mara tano robo ya kinga imekwisha, na hakuna polishi iwezayo kuirudisha. Wala mnunuzi wa gari kuukuu hajui limekwisha kung'arishwa mara ngapi kabla ya kumfikia. Pili, joto huambatana na kazi hiyo daima.

Kabla ya kununua mashine yafaa kuichunguza rangi yenyewe. Gari likisha kuoshwa na kukauka, chukua kitambaa cheupe chenye polishi kidogo, usugue mahali pasipoonekana sana. Kitambaa kikishika rangi ya gari, basi juu hapana klia. Kikibaki cheupe au kijivu hafifu, klia ipo, ingawa gari jeupe haliwezi kupimwa hivi. Kisha pitisha sumaku ndogo iliyofungwa katika kitambaa chembamba. Penye kushika kwa ulegevu kuliko kwingine huenda pana puti chini ya rangi, maana yake mahali hapo palikwisha kugongwa na kupakwa upya, na unene wa klia yake haujulikani. Mwishowe pitisha ukucha: mkwaruzo unaonasa ukucha ni wa kina mno, na kuufukuza kwa mashine ni kuitoboa klia.

Jaribio moja zaidi linawafaa wanafunzi. Jioni, mulika boneti ya gari jeusi kwa tochi. Mikwaruzo itaonekana imejipanga kwa duara kuzunguka taswira ya tochi, kama utando wa buibui. Wengi husema ni alama za mkono uliokuwa ukisugua kwa mzunguko. Sogeza tochi, na duara litahama pamoja nayo! Ukweli ni kwamba mikwaruzo imelala kila upande. Ila ule tu ambao umekatisha njia ya mwanga ndio unaorudisha mng'ao kwenye jicho, na yote yenye sifa hiyo hukaa kwa duara. Wahalifu wakubwa wa mikwaruzo hiyo si mashine wala polishi, bali vumbi. Mchanga una kwazi, ambayo ugumu wake ni 7 katika kipimo cha Mohs, ilhali kioo ni kama 5.5 na rangi ni laini kuliko vyote viwili. Anayefuta gari kavu kwa kitambaa wakati wa kiangazi hulipiga msasa bila kujua.

Turudi kwenye mashine. Ya kwanza ni ile ya mzunguko mmoja, ambayo sahani yake huzunguka juu ya mhimili wake kama gurudumu. Ya pili ni ya mizunguko miwili: sahani imefungwa kando ya mhimili, juu ya beringi iliyo huru, kwa hiyo huzungushwa kwa duara dogo kandokando ya mhimili na papo hapo hujizungukia yenyewe polepole. Kuzitambua ni rahisi. Geuza mashine juu chini ikiwa haina umeme, uisukume sahani kwa kidole. Ile ya pili sahani yake huzunguka bure na kuyumba upande.

Tofauti yao ihesabiwe. Sponji yenye kipenyo cha milimita 180, ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, ni mizunguko 25 kwa sekunde. Ukingo wake huenda 3.14 × 0.18 × 25, karibu mita 14 kwa sekunde. Mashine ya mizunguko miwili yenye duara la milimita 8, likizungushwa mara 4,500 kwa dakika, ni mara 75 kwa sekunde. Kila nukta ya sponji huenda 3.14 × 0.008 × 75, karibu mita 1.9 kwa sekunde. Tukichukua kani ya msuguano ya niutoni 15 kwa zote mbili, na kukumbuka kuwa wastani wa kasi ya sahani nzima ni theluthi mbili za kasi ya ukingo, mashine ya kwanza hutoa joto la wati 140, na ya pili wati 28 tu.

Joto hilo huenda wapi? Sponji haipitishi joto vizuri, hivyo sehemu kubwa huingia katika bati. Bati la unene wa milimita 0.7 chini ya sponji ya kwanza lina uzito wa gramu 140 hivi, nalo huhitaji jouli 64 kupanda nyuzi moja ya Selsiasi. Mashine ikisimama mahali pamoja kwa sekunde 10, bati laweza kupanda nyuzi 22. Ile ya pili, yenye sponji ya milimita 150, hupandisha nyuzi 6. Fundi mzoefu haachi mashine isimame, lakini mwanafunzi husita, huinamisha sahani upande mmoja, na hupita juu ya kingo za milango ambako klia ni nyembamba zaidi. Boneti nyeusi iliyokaa juani yaweza kuwa na nyuzi zaidi ya 60 hata kabla kazi haijaanza. Bampa ni hatari zaidi: chuma hupitisha joto zaidi ya mara 200 kuliko plastiki, hivyo katika bampa joto hubaki pale pale liliposuguliwa.

Mashine ya mizunguko miwili ina hisani nyingine. Ukiikandamiza mno, sahani huacha kujizungukia, na ukali wake hupungua wenyewe. Chora mstari wa wino ukingoni mwa sahani. Mstari usipoonekana kuzunguka, punguza mkono. Kwa sababu hizo, kwa matumizi ya nyumbani hii ndiyo ya kununua: sahani ya milimita 125, duara la milimita 8 kwa gari dogo lenye mikunjo mingi, au 15 kwa gari kubwa lenye nyuso pana. Ile ya mzunguko mmoja hukata haraka, na gereji ina haki ya kuipenda. Nyumbani haina haraka ya kufukuzia. Mashine nyepesi za sahani pana ya milimita 240, zenye kofia ya kitambaa, zafaa kutandaza nta tu. Ama grainda iliyovishwa sponji, hiyo ikataliwe kabisa. Ikizunguka mara 11,000 kwa dakika, ukingo wa sahani ya milimita 115 huenda mita 66 kwa sekunde. Huunguza rangi mara moja, na sponji yaweza kuchanika na kumrukia mtu usoni.

Limebaki suala la umeme. Wati zilizoandikwa ni za umeme unaoingia katika mota, si za kazi inayofanyika juu ya rangi; afadhali kuuliza kama mashine huanza polepole na kama hushika kasi yake inapogandamizwa. Mashine ya betri ya volti 18 na ampea-saa 5 ina akiba ya wati-saa 90. Ikitumia wati 300 itadumu dakika 18, ilhali gari zima huchukua saa kadhaa. Na ikiwa mashine ni kuukuu iliyotoka Japani, isomwe kibandiko chake kwanza. Umeme wa nyumbani Japani ni wa volti 100, na wa Tanzania ni 230. Kwa ukinzani ule ule, nguvu huongezeka kwa kipeo cha pili cha volti, yaani zaidi ya mara tano, na mota huungua kabla boneti haijamalizika. Mashine ya namna hiyo ya wati 800 itahitaji transfoma ya kupunguza volti isiyopungua wati 1,000, na bei yake iongezwe katika hesabu kabla mnunuzi hajatoa fedha mfukoni.