Sefu za kale: Kila komeo lina kisa chake cha wizi

SEFU kuukuu za benki, zile za chuma kizito zisizosogezwa ila kwa nguvu za wanaume wengi, humvutia mtazamaji kwa ukubwa wake. Hata hivyo, siri yake haimo katika uzito. Karibu kila sehemu yake ilibuniwa baada ya hasara iliyowafunza mafundi somo chungu.

Adui wa kwanza alikuwa moto. Chuma kitupu hupitisha joto, na karatasi huungua ndani ilhali kasha lenyewe limesimama imara. Kufikia miaka ya 1840, mafundi wa Uingereza, miongoni mwao Thomas Milner wa Liverpool, walijenga kuta za tabaka mbili na kujaza katikati vitu kama shabu. Shabu ikipata moto hutoa maji yaliyomo ndani yake, na mvuke wake huzihifadhi hati zisiungue.

Adui wa pili alikuwa mchokoaji wa makufuli. Mnamo 1818, Jeremiah Chubb alibuni kufuli lililokwama kila lilipochokorwa, hivyo mwenyewe akajua limeguswa. Waingereza walijivunia kufuli hilo hadi 1851 ambapo Mmarekani Alfred Charles Hobbs, aliyefika London kwa Maonyesho Makuu, alilifungua kwa dakika 25 hivi mbele ya mashahidi.

Asiyekuwa na ustadi huo alitumia nguvu. Mnamo Februari 1865, wezi waliingia katika duka la sonara mmoja katika barabara ya Cornhill, London, wakaifungua sefu ya Milner kwa kugongomea kabari za chuma katika mwanya wa mlango. Sonara alimshtaki mtengenezaji akashindwa, lakini kesi hiyo ilianika udhaifu wa sefu. Watengenezaji wakaanza kutia makomeo yanayoushika mlango na fremu kama kulabu.

Tundu la ufunguo nalo lilikuwa mlango wa baruti. Mafundi waliliondoa kwa kuweka kufuli la tarakimu, linalofunguliwa kwa kuzungusha kisahani chenye nambari. Wahalifu walipogeukia nitrogliserini, kilipuzi cha majimaji kinachopenya katika ufa mwembamba, mafundi wa Marekani walibuni milango ya mviringo iliyosuguliwa ikabana kabisa.

Hapo ndipo jambazi alipogundua kwamba ni rahisi kumvunja binadamu kuliko chuma.

Usiku mmoja wa Januari 1876, watu saba waliofunika nyuso walivamia nyumba ya keshia wa benki moja mjini Northampton, jimbo la Massachusetts. Walimtesa kwa saa kadhaa hadi akataja nambari za kufuli. Mali iliyoibwa ilipita dola milioni moja. Mmoja wa washirika wao alikuwa mtaalamu wa kampuni ya sefu, mtu aliyeaminiwa na benki.

Dawa ilikuwa imekwisha kupatikana. Mnamo 1873, James Sargent wa Rochester, New York, alikuwa ametengeneza kufuli la saa. Mfanyakazi alitia ufunguo saa zilizo nyuma ya mlango jioni na kupanga muda wa kufunguka. Kabla ya muda huo kutimia, makomeo hayakusogea hata kwa nambari sahihi. Baada ya kisa cha Northampton, benki nyingi ziliyakimbilia makufuli hayo, kwa kuwa hapakuwa na faida ya kumtesa mtu asiyeweza kufungua.

Mbio hizo hazijaisha. Mnamo Novemba 2017, wezi walichimba njia ya chini kwa chini hadi katika chumba cha fedha cha benki moja mjini Thika, wakaiba takriban Sh50 milioni. Mlango haukuwa na kazi, waliingilia sakafuni.

Aidha, tangu huduma ya M-Pesa izinduliwe mnamo 2007, Wakenya wengi wamebeba sefu zao mfukoni. Tapeli anayepiga simu akijifanya mhudumu wa wateja na kuomba nambari ya siri hatofautiani sana na wavamizi wa Northampton, ila yeye hutumia maneno matamu badala ya mateso. Tofauti nyingine ni kwamba simu haina kufuli la saa: anayetaja nambari yake amefungua mlango papo hapo.