Pua Iliyomo Ndani ya Figo

Katikati ya mji wa Stockholm, mbele ya uwanja uitwao Hötorget ambapo wachuuzi huuza maua, matunda na mboga hata siku za baridi kali, limesimama jengo la buluu lenye nguzo ndefu, nalo ndilo Konserthuset, ambamo kila tarehe 10 Desemba, siku aliyofariki Alfred Nobel mwaka 1896, mfalme wa Sweden huwakabidhi wataalamu tuzo zilizowekwa kwa wasia wa tajiri huyo. Siku hiyo mwaka 2004, waliosimama mbele ya mfalme kupokea tuzo ya tiba walikuwa Wamarekani wawili, Richard Axel na Linda Buck, nao walitunukiwa kwa kulifumbua fumbo ambalo kila apitaye pale sokoni hulitatua kwa pua yake pasi na kujua: vipi mwanadamu akapambanua kwamba hili ni waridi na lile ni chungwa.

Jibu lao walikwisha kulitangaza mwaka 1991, baada ya kuchunguza pua za panya. Juu kabisa ndani ya pua mna utando mdogo wenye seli za fahamu, na kila seli imebeba aina moja tu ya kipokezi, yaani protini iliyopenyezwa katika ngozi ya seli mfano wa kitasa kilichopachikwa mlangoni kikingoja ufunguo wake. Chembe ya harufu ikikutana na kitasa kinachoielekea, ndani ya seli huamshwa mjumbe, na mjumbe yule huwaamsha wenziwe, hata habari ikafika kwenye ubongo. Panya ana jeni za vipokezi hivi zipatazo 1,000, na mwanadamu ana kama 400 zifanyazo kazi. Lakini kwa kuwa harufu moja hufungua vitasa kadhaa, na kitasa kimoja hukubali harufu kadhaa, idadi hiyo yatosha kabisa, kama vile nyuzi chache za udi zitoshavyo, mikononi mwa fundi wa taarabu, kutoa nyimbo za usiku kucha.

Vipokezi vya pua vina ukoo mkubwa, na ukoo huo ndio uliowapatia Robert Lefkowitz na Brian Kobilka tuzo ya kemia katika jengo lile lile mwaka 2012. Mgonjwa wa pumu avutaye salbutamol, kifua kikamfunguka, amefungua kitasa cha ukoo huu. Na mgonjwa wa presha amezaye propranolol amekiziba kitasa kingine cha ukoo huu huu. Takriban theluthi moja ya dawa zilizoidhinishwa duniani hupitia kwa vipokezi vya ukoo huu. Ajabu ni kwamba vipokezi vya harufu, ambavyo kwa hesabu ni karibu nusu ya ukoo wote wa mwanadamu, vimeachwa nyuma na watengenezaji wa dawa kwa muda mrefu, na kwa maoni yangu hiyo ni hasara ambayo wagonjwa hawastahili kuendelea kuilipia.

Sababu ya kwanza ya kuachwa huko ilikuwa dhana kwamba kipokezi cha harufu hakina shughuli nje ya pua. Dhana hiyo ilianza kutetereka mapema, kwani mwaka 1992 watafiti wa Ubelgiji walivikuta vipokezi vya namna hii katika korodani, na mwaka 2003 ikadhihirika katika maabara ya Ujerumani kwamba mbegu ya mwanamume huielekea harufu fulani ya maua kana kwamba inaongozwa nayo. Vikaonekana pia katika ngozi, katika figo, na katika tezi dume.

Hapa nataka tusimame kidogo mbele ya kimojawapo, kiitwacho OR51E2, maana humo mna matumaini na hatari pamoja. Kipokezi hiki kimo puani, lakini kimo pia katika tezi dume, na huzidi pale tezi ipatapo saratani. Mwaka 2009 watafiti wa Kijerumani walizimiminia seli za saratani hiyo beta-ayononi, ambayo ndiyo harufu ya maua ya urujuani, na seli zikapunguza kasi ya kuongezeka. Aliyeisoma habari hiyo angeweza kudhani kwamba dawa imekwisha patikana. Lakini mwaka 2014 watafiti wengine walionyesha kwamba kukiamsha kipokezi hicho hicho huweza kuzifanya seli za saratani zipenye na kusambaa. Isitoshe, mwenzake kipokezi hiki katika panya hukaa kwenye figo, na Jennifer Pluznick wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alibainisha mwaka 2013 kwamba huko hupokea asidi zitengenezwazo na bakteria wa utumboni, kisha husaidia kupandisha shinikizo la damu. Basi mwenye kutengeneza ufunguo wa tezi dume hana budi kuifikiria figo, tena aifikirie na pua.

Sababu ya pili ilikuwa ugumu wa kazi yenyewe. Jeni ya kipokezi cha harufu ikitiwa katika seli za kawaida za maabara, kipokezi hutengenezwa lakini hukwama ndani, kisitokeze juu ya ngozi ya seli ambako kingeweza kujaribiwa. Na mwaka ule ule wa 2004 ndipo Hiroaki Matsunami na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke walipozigundua protini zinazokisindikiza mpaka nje. Ikabaki kuliona umbo lake. Mwaka 2017 Stockholm iliwatunuku Jacques Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson kwa hadubini ya elektroni itazamayo protini zilizogandishwa ghafla, na kwa hadubini ya namna hiyo, mwaka 2023, Matsunami pamoja na Aashish Manglik wa San Francisco na wenzao walikionyesha OR51E2 kikiwa kimeikumbatia chembe ya harufu iitwayo propioneti, ikawa mara ya kwanza kwa macho ya binadamu kuona jinsi kipokezi cha harufu cha mwanadamu kinavyoushika ufunguo wake.

Watu wa pwani watapenda kusikia habari ya ngozi. Aliyewahi kuketi karibu na somo amtengenezaye bi harusi aujua mwendo wa kipande cha msandali juu ya jiwe lenye marashi, mpaka ukatoka ute mzito wa liwa upakwao usoni na mabegani. Mwaka 2014 watafiti wa Bochum, Ujerumani, walitangaza kwamba seli za ngozi zina kipokezi kiitwacho OR2AT4, ambacho kikiguswa na Sandalore, harufu ya sandali iliyotengenezwa kiwandani, seli huongezeka na kusogea upesi kuziba jeraha lililokwaruzwa maabarani. Nasisitiza kwamba iliyojaribiwa ni Sandalore, wala si mti wenyewe, na kwamba jeraha lilikuwa la seli katika chombo. Asije mtu akamnyima mgonjwa wa kidonda matibabu ya hospitali kwa kutegemea liwa.

Vipokezi vingi vya mwanadamu bado ni mayatima, ndivyo waviitavyo wataalamu, kwa kuwa harufu zake hazijajulikana. Kila kimoja hutiwa katika seli za maabara pamoja na kemikali itoayo nuru, kisha harufu hudondoshwa moja baada ya moja, mamia kwa mamia, hata ipatikane ile itakayozifanya seli zing'ae.