Pembetatu Zinazolingana: Jicho Halithibitishi

Mwanafunzi wa kidato cha pili huagizwa katika mtihani athibitishe kwamba pembetatu mbili zinalingana kabisa, yaani zina pande sawa na pembe sawa. Aghalabu huutazama mchoro, akaridhika kwamba zinalingana, akaandika hivyo na kupoteza alama. Kosa lake si kutoujua ukweli, bali ni kutoutolea hoja. Makala haya yanadhamiria kubainisha jinsi hoja hiyo inavyojengwa.

Pembetatu ina pande tatu na pembe tatu, lakini hatulazimiki kulinganisha vipengele vyote sita. Vitatu hutosha, mradi viwe ni pande tatu. Au pande mbili na pembe iliyo kati yazo. Au pembe mbili na upande mmoja unaooana. Njia hizi zilithibitishwa na Euclid, Mgiriki aliyeandika mnamo mwaka wa 300 K.K., katika kitabu cha kwanza cha Elements. Aidha, pembetatu zenye pembe ya nyuzi 90 hulingana iwapo upande unaoikabili pembe hiyo na upande mwingine mmoja ni sawa.

Neno "kati" halikutiwa kama pambo. Chukua pembetatu ABC ambamo AB ni sentimita 10, BC ni sentimita 6 na pembe A ni nyuzi 30. Pembe hiyo haiko kati ya pande hizo. Ukichora, AC yaweza kuwa takriban sentimita 5.3 au 12: pembetatu mbili tofauti. Pembe tatu nazo huthibitisha kufanana kwa umbo tu, wala si kulingana kwa ukubwa.

Sasa tuthibitishe kwamba AB ikiwa sawa na AC, pembe B na C ni sawa. Tia M katikati ya BC, uunge A na M. Katika pembetatu ABM na ACM:

AB = AC (tumepewa)
BM = CM (M iko katikati ya BC)
AM = AM (upande wa pamoja)

Kwa hivyo pembetatu hizi zinalingana kwa pande tatu. Basi pembe B ni sawa na pembe C. Anayedai usawa wa pembe hizo tangu mwanzo amekifanya kinachotafutwa kuwa ushahidi.

Kila dai na lifuatwe na sababu yake. Nidhamu hiyo ndiyo tunayoidai katika insha ya hoja; mwalimu wa Kiswahili na yule wa hisabati wanasahihisha kosa lile lile.